Maziwa yanayomkubali mmoja na kumkataa mwingine: swichi za jeni na jinsi zilivyobadilika katika mamalia

Hapa huwa tunaandika kwa kirefu yale ambayo muda wa kipindi hautoshi kuyamaliza. Safari hii tunaanza na ujumbe ulioingia kwenye simu ya studio asubuhi moja, nasi tukausoma hewani:

“Shikamooni watangazaji. Mimi nimeolewa katika familia ya wafugaji, kwetu ni wakulima wa migomba. Kila nikinywa maziwa freshi tumbo linajaa gesi, linanguruma, halafu naharisha. Mume wangu anamaliza kibuyu kizima asipate neno. Mama mkwe anasema naringa, nadharau maziwa ya boma lake. Je, mimi ni mgonjwa, au nimetupiwa kitu?”

Simu zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Wengine walisema dada huyu ana vidonda vya tumbo. Wengine walisema ni uvivu wa kuzoea. Mzee mmoja alisema watu wa migomba hawana matumbo ya maziwa, akacheka. Mzee huyo alikuwa karibu na ukweli kuliko wote, ingawa sababu yenyewe haiko kwenye migomba.

Jibu fupi ni hili: dada yetu si mgonjwa na hajatupiwa kitu. Yeye na mumewe wana jeni ileile ya kusaga sukari ya maziwa. Tofauti yao iko kwenye swichi ya jeni hiyo. Kwa dada ilizimika baada ya utoto, kwa mumewe imebaki imewaka. Jibu refu linatupeleka mbali: kwa popo, komba na mbuzi, na hata kwa watoto wetu wenye selimundu.

Jeni ni nini, na swichi yake iko wapi

Mwili wa kila mnyama umejengwa na chembe ndogo zinazoitwa seli. Ndani ya karibu kila seli kuna vinasaba, au DNA, ambayo ni kama maandishi marefu sana yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Maandishi ya binadamu yana herufi kama bilioni 3.

Jeni ni kipande cha maandishi hayo kinachoeleza namna ya kutengeneza kitu fulani mwilini, mara nyingi protini. Binadamu ana jeni za protini kama 20,000. Ajabu ni kwamba sehemu inayoeleza protini ni chini ya asilimia 2 ya maandishi yote. Katika sehemu kubwa iliyobaki ndimo zilimo swichi.

Kwa nini swichi zinahitajika? Seli ya jicho na seli ya ini zina maandishi yaleyale. Zingekuwa zinayasoma yote kwa pamoja, jicho lingetengeneza nyongo. Kwa hiyo kila seli husoma jeni inazozihitaji na kuziacha nyingine kimya.

Sisi watu wa redio tunaelewa jambo hili upesi. Redio yako inaweza kuwa nzima kabisa, lakini ukiizima hupati taarifa. Ukiiwasha kwa sauti ya chini, aliye jikoni hasikii. Jeni nayo ni hivyo: inaweza kuwaka au kuzimika, na ikiwaka inaweza kuwa ya sauti kubwa au ndogo. Wataalamu huita jambo hili udhibiti wa jeni. Vidole vinavyobonyeza swichi hizo ni protini maalumu zinazojishikiza kwenye vipande fulani vya DNA. Herufi za kipande hicho zikibadilika, kidole kinaweza kushindwa kushika au kikashika kwa nguvu zaidi.

Swichi ya kwanza kueleweka ilihusu sukari ya maziwa

Wanasayansi wa kwanza kueleza jinsi jeni inavyowashwa na kuzimwa walikuwa Wafaransa François Jacob na Jacques Monod, waliofanya kazi katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris. Mwaka 1961 walichapisha maelezo yao kuhusu bakteria wadogo wanaoishi utumboni. Bakteria hao hula laktosi, yaani sukari iliyomo kwenye maziwa. Laktosi isipokuwepo, bakteria huzima jeni zinazohusika. Ikifika, huziwasha. Mwaka 1965 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzao André Lwoff.

Kwa mamalia, yaani wanyama wanaonyonyesha, mambo yana ngazi nyingi zaidi. Jeni moja inaweza kuwa na swichi kadhaa: moja ya ini, nyingine ya ubongo, nyingine ya mtoto akiwa tumboni tu. Tena swichi inaweza kukaa mbali sana na jeni yake, maelfu ya herufi kando, au hata ndani ya jeni ya jirani. Ni kama swichi ya taa ya chumbani kwako iwe imewekwa ukutani kwa jirani.

Jeni karibu zilezile, wanyama tofauti

Mwaka 1975 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Mary-Claire King na Allan Wilson, walilinganisha protini za binadamu na za sokwe. Walikuta zinafanana kwa takriban asilimia 99. Wakajiuliza: kama vifaa vya ujenzi ni vilevile, mbona nyumba hazifanani? Wakapendekeza kwamba sehemu kubwa ya tofauti inatokana na jinsi jeni zinavyodhibitiwa, yaani zinawashwa wapi, lini na kwa kiasi gani.

Vifaa vya kupima wazo hilo vilikuja miaka mingi baadaye. Mwaka 2011 watafiti walichapisha kazi iliyopima sauti za jeni katika viungo sita, vikiwemo ubongo, moyo, figo, ini na korodani. Walilinganisha mamalia tisa pamoja na kuku. Miongoni mwao walikuwemo binadamu, sokwe, sokwe mtu, panya, na bonobo, yule nyani mkubwa anayeishi porini katika Kongo peke yake. Walikuta mabadiliko hayaendi kwa mwendo mmoja. Sauti za jeni za ubongo zimebadilika polepole kuliko za viungo vingine, na za korodani zimebadilika haraka kuliko zote.

Si vigumu kuona kwa nini ubongo huenda polepole. Kazi zake zinategemeana sana, na anayevuruga sehemu moja huvuruga nyingi. Mnyama aliyezaliwa na swichi mbovu ya ubongo mara nyingi hakuishi kuzaa.

Mfano mmoja mzuri ni popo. Bawa la popo ni mkono wenye vidole virefu. Mwaka 2008 wanasayansi walieleza kwamba walichukua swichi ya jeni moja inayohusika na ukuaji wa mifupa ya mkono, wakaitoa kwa popo na kuiweka kwa panya mahali pa swichi ya panya. Jeni ya panya hawakuigusa. Panya waliozaliwa walikuwa na miguu ya mbele mirefu kidogo, kama asilimia 6 zaidi. Hawakuota mabawa, maana bawa linahitaji swichi nyingi kubadilika. Lakini ilionekana wazi kwamba umbo la mnyama linaweza kubadilika bila jeni yenyewe kuguswa.

Maziwa: swichi inayozimika baada ya kuachishwa ziwa

Sasa turudi kwa dada yetu. Maziwa ya mamalia karibu wote yana laktosi. Maziwa ya ng’ombe yana laktosi kama asilimia 5, ya mama wa binadamu kama asilimia 7. Sukari hii ni kubwa, haiwezi kupita ukuta wa utumbo mpaka ikatwe vipande viwili. Kisu cha kuikata ni kimeng’enya kinachoitwa laktasi, kinachotengenezwa kwenye utumbo mdogo.

Mtoto wa ng’ombe, wa mbuzi, wa paka na wa binadamu huzaliwa jeni ya laktasi ikiwa inawaka kwa sauti kubwa, kwa sababu maziwa ndiyo chakula chake pekee. Akishaachishwa ziwa, kwa kawaida sauti hiyo hushuka taratibu mpaka inabaki kidogo sana. Mnyama mkubwa porini hanywi maziwa tena, na mwili hauendelei kutengeneza kisu kisichokata kitu.

Mtu ambaye swichi yake imeshuka akinywa maziwa mengi, laktosi hupita bila kukatwa mpaka utumbo mkubwa. Huko bakteria huichachua, gesi ikajaa. Sukari hiyo pia huvuta maji kuingia utumboni, ndipo mtu akaharisha. Hakuna sumu na hakuna uchawi.

Tena dada yetu yuko upande wa wengi. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani laktasi yao imeshuka. Hii ndiyo hali ya kawaida ya mamalia. Wenye jambo geni ni wale kama mumewe, ambao swichi yao imegoma kuzimika.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1966 madaktari G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha matokeo kutoka Uganda. Waliona kwamba Waganda wengi waliopimwa, ambao chakula chao cha asili ni ndizi, walikuwa na laktasi kidogo. Watu wa asili ya jamii za wafugaji, kama Wahima na Watutsi, wengi wao walisaga maziwa vizuri. Kwa hiyo yule mzee wetu aliyetaja migomba hakukosea sana. Lakini wakati ule hakuna aliyejua swichi yenyewe iko wapi.

Herufi moja iliyobadilika, mara zaidi ya moja

Mwaka 2002 watafiti kutoka Finland walitangaza kwamba wamepata herufi inayohusika kwa Wazungu. Iko umbali wa herufi 13,910 kabla ya jeni ya laktasi. Wenye herufi C mahali hapo kwenye nakala zote mbili, ya baba na ya mama, laktasi yao hushuka. Wenye T huendelea kusaga maziwa maisha yao yote. Mahali penyewe ni ndani ya jeni jirani, yenye kazi nyingine kabisa. Ndiyo ile swichi ya ukutani kwa jirani.

Wengi walidhani fumbo limekwisha. Lakini wafugaji wa Afrika Mashariki walipochunguzwa, herufi hiyo ya Wazungu karibu haikuonekana, na maziwa wanakunywa. Ikawa lazima watafutwe kwa namna yao.

Kazi hiyo iliongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani, akishirikiana na wanasayansi wa ukanda wetu, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, Dar es Salaam, na Muntaser Ibrahim wa Khartoum. Walipima watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani. Mtu alikaa bila kula, kisha akapewa maji yenye gramu 50 za laktosi, sawa na lita moja hivi ya maziwa. Halafu sukari ya damu ilipimwa mara kadhaa kwa muda wa saa moja. Ikipanda vizuri, maana yake laktosi imekatwa na kuingia mwilini. Isipopanda, kisu hakipo.

Matokeo yalitoka mwaka 2007. Walipata mabadiliko matatu ya herufi mojamoja, yote katika eneo lilelile la swichi, lakini si ile ya Wazungu. Lililoenea zaidi Tanzania na Kenya liko mahali pa 14,010, ambapo herufi G imekuwa C. Linapatikana sana kwa jamii za wafugaji, Wamasai wakiwemo. Mabadiliko mengine mawili yapo zaidi kaskazini, Sudani na Kenya, na moja kati ya hayo limeenea sana Bara Arabu, ambako watu wamefuga ngamia na kunywa maziwa yake tangu zamani.

Hapo ndipo tunapoona mageuko ya viumbe yakifanya kazi. Herufi hubadilika kwa bahati, kama mtu anayenakili barua akikosea herufi moja. Ulaya kosa moja, Afrika Mashariki jingine, Arabuni jingine. Kila moja lilitokea peke yake, lakini yote yaliangukia swichi ileile na kuleta jambo lilelile: laktasi isizimike. Jeni ya laktasi yenyewe haikuguswa popote.

Kwa nini herufi hiyo ilienea

Watafiti walikadiria kwamba lile badiliko la Tanzania na Kenya lilianza kuenea kati ya miaka 3,000 na 7,000 hivi iliyopita. Huo ni wakati unaolingana na kuingia kwa ufugaji wa ng’ombe katika maeneo haya. Kwa mambo ya mageuko, muda huo ni mfupi mno.

Fikiria boma moja katika mwaka wa ukame. Mazao hakuna, mto umekauka, ng’ombe wachache bado wanakamuliwa. Anayeweza kusaga maziwa anapata chakula na maji kwa pamoja. Asiyeweza anapata sehemu tu ya chakula hicho, tena akinywa mengi anaharisha na kupoteza maji wakati ambapo maji hayapo. Mwaka wa neema tofauti hiyo ni kero ndogo tu. Mwaka wa njaa inaweza kuwa tofauti ya kuzika mtoto na kumlea. Waliobaki ndio waliozaa, na watoto wao wakarithi swichi hiyo. Rudia hivyo kwa vizazi mia moja na zaidi, na herufi iliyokuwa ya mtu mmoja inakuwa ya jamii nzima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu Ulaya uliunga mkono mawazo ya namna hiyo. Mabaki ya mafuta ya maziwa kwenye vyungu vya kale yalionyesha kwamba watu walitumia maziwa kwa maelfu ya miaka kabla herufi hiyo haijawa ya kawaida. Waandishi wake walisema njaa na magonjwa ndivyo vilivyosukuma sana uenezi wake.

Swichi ya pili: damu ya mtoto aliye tumboni

Iko swichi nyingine ambayo kwa familia nyingi za kwetu ni jambo la uhai kabisa. Inahusu hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa ya oksijeni kwenye damu.

Mtoto akiwa tumboni hapumui mwenyewe. Anachukua oksijeni kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Ili aweze kuivuta, hemoglobini yake hushika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ya mama. Kwa hiyo binadamu ana jeni za hemoglobini ya tumboni na jeni ya hemoglobini ya ukubwani. Karibu na kuzaliwa, ya kwanza huanza kuzimwa na ya pili kupandishwa sauti. Kazi hiyo huendelea miezi kadhaa baada ya kuzaliwa.

Mamalia hawakufika hapa kwa njia moja. Panya hana hemoglobini ya namna hii ya katikati. Anatoka kwenye ile ya siku za mwanzo kabisa za mimba na kwenda moja kwa moja kwenye ya ukubwani. Komba, mnyama wetu wa usiku mwenye macho makubwa, anayo jeni inayolingana na ile yetu ya tumboni, lakini kwake inawaka siku za mwanzo tu za mimba. Katika ukoo wa nyani, kima na binadamu, jeni hiyo ilijirudia ikawa mbili, na swichi yake ikasogezwa mbele ili iwake muda mrefu wa ujauzito. Mbuzi, kondoo na ng’ombe walipata njia yao: jeni yao ya ukubwani ilijirudia, na nakala moja ikapewa kazi ya tumboni. Haja ni moja, lakini kila ukoo wa wanyama uliitimiza kwa swichi zake.

Selimundu na swichi iliyogoma kuzimika

Selimundu, ambayo wengi mnaiita sikoseli, hutokana na herufi moja iliyobadilika kwenye jeni ya hemoglobini ya ukubwani. Baba na mama wakiwa wote wamebeba herufi hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, zinaziba mishipa, mtoto anapata maumivu makali na upungufu wa damu.

Wazazi wengi hutuambia: “Mtoto alizaliwa mzima, akanenepa, halafu alipokaribia miezi sita akaanza kuvimba vidole na kulia usiku. Lazima kuna mtu amemwangalia vibaya.” Hakuna aliyemwangalia vibaya. Miezi ile ya mwanzo mtoto bado anatumia hemoglobini ya tumboni, ambayo haina kasoro. Swichi inapogeuka, ile yenye kasoro ndiyo inayoshika kazi. Daktari Janet Watson wa New York aliliona jambo hili mwaka 1948. Aliona damu ya watoto wachanga haipindi sana, akahisi hemoglobini ya tumboni ndiyo inayowakinga.

Baadaye ikajulikana kwamba wako watu wachache ambao swichi hiyo haizimiki vizuri. Wanaendelea kutengeneza hemoglobini ya tumboni hata ukubwani. Mtu wa namna hiyo akirithi selimundu, mara nyingi anaumwa kidogo tu. Unaona inavyofanana na maziwa? Ni swichi nyingine iliyogoma kuzimika, ikawa faida.

Madaktari wakauliza: tunaweza kuiwasha tena? Iko dawa ya vidonge iitwayo haidroksiurea, ambayo kwa wagonjwa wengi huongeza hemoglobini ya tumboni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watoto zaidi ya 600 huko Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Walipotumia dawa hiyo chini ya uangalizi, maumivu yalipungua, na vilevile malaria, kuongezewa damu na vifo. Dawa hii hutolewa na daktari na huhitaji kupima damu mara kwa mara. Usiinunue na kumpa mtoto kwa kukisia.

Njia ya pili ni mpya zaidi. Iko jeni iitwayo BCL11A, ambayo kazi yake mojawapo ni kuizima hemoglobini ya tumboni. Wanasayansi hukata swichi ya BCL11A inayofanya kazi kwenye seli zinazotengeneza chembe nyekundu tu. Sehemu nyingine za mwili jeni hiyo inaendelea na kazi zake. Tiba hiyo, iitwayo Casgevy, iliruhusiwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na inahitaji hospitali kubwa na dawa kali za kuandaa mwili. Tunawaambia ukweli huu ili mtu asije akauziwa chupa sokoni akaambiwa ndiyo tiba ya jeni.

Swichi nyingine ndani ya damu

Kuna aina ya malaria iitwayo vivax, ambayo huingia kwenye chembe nyekundu kwa kushika protini fulani inayoitwa Duffy. Watu wengi wa Afrika magharibi na ya kati, na wengi wetu pia, wana herufi moja iliyobadilika kwenye swichi, na protini hiyo haitengenezwi kwenye chembe nyekundu. Sehemu nyingine za mwili inaendelea kutengenezwa kama kawaida. Jambo hili lilielezwa mwaka 1995. Kinga hiyo ni kubwa ingawa si kamili, na haimzuii yule mdudu mwingine, falsiparamu, anayeleta malaria nyingi kwetu. Kwa hiyo chandarua kibaki palepale.

Maswali mliyotuuliza

*Je, nikizoea maziwa kidogokidogo swichi itawaka?* Hapana, swichi ya laktasi haiwashwi kwa mazoezi. Lakini bakteria wa utumbo mkubwa wanaweza kuzoea, na usumbufu ukapungua. Wengi ambao laktasi yao imeshuka huweza kunywa kikombe kimoja pamoja na chakula bila shida kubwa.

*Maziwa mgando je?* Mara nyingi ni nafuu. Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya laktosi. Mtindi, maziwa lala na mursik vimewasaidia watu tangu zamani kabla ya sayansi kueleza sababu.

*Nikichemsha laktosi inaisha?* Haiishi. Lakini chemsha maziwa hata hivyo, maana maziwa mabichi huweza kuleta brusela na kifua kikuu.

*Maziwa ya mbuzi hayana laktosi?* Yanayo, karibu sawa na ya ng’ombe.

*Mtoto wangu mchanga anaharisha, nimwachishe ziwa?* Usimwachishe. Watoto wachanga karibu wote swichi yao inawaka. Endelea kumnyonyesha na umpeleke kituo cha afya. Tena mtu yeyote ambaye maziwa yanamletea vipele, kuvimba midomo au kubanwa kifua, hilo ni jambo jingine, ni mzio, na linahitaji daktari haraka.

*Kwa hiyo kabila fulani ni bora?* Hapana. Herufi hizi hueleza babu zetu walikula nini na waliumwa nini. Hata ndani ya boma moja la wafugaji wapo ambao laktasi yao imeshuka, na kwenye migomba wapo wanaokunywa lita nzima.

Kwa ufupi

- Jeni ni maelezo, na swichi huamua maelezo hayo yasomwe wapi, lini na kwa kiasi gani.
- Mamalia wengi wana jeni zinazofanana, na sehemu kubwa ya tofauti zao imetokana na swichi kubadilika.
- Kushindwa kunywa maziwa ukubwani si ugonjwa wala dharau. Ndiyo hali ya kawaida ya mamalia.
- Mtoto mwenye selimundu huonekana mzima miezi ya mwanzo kwa sababu ya hemoglobini ya tumboni. Apimwe mapema, na matibabu yapo.

Kwa dada yetu aliyetuandikia: msomee mama mkwe makala hii, au mwombe mumeo amsomee jioni wakati ng’ombe wamerudi. Mwambie heshima yako kwa boma lake iko palepale, na kwamba ukiletewa mtindi utaupokea kwa mikono miwili. Ukipata nafasi tuandikie tena, tungependa kujua alisemaje. Na wewe msikilizaji mwenye mtoto anayevimba vidole na kulia usiku, usisubiri kipindi kijacho. Mpeleke akapimwe.